Simtanki la lita 1,000 ni tani moja: nichukue Hilux au Land Cruiser?

*"Habari za kazi. Naishi Dodoma mjini, ofisi yangu ipo Mtumba. Nina ekari nne za zabibu Hombolo, na ninajenga Nzuguni. Tuna watoto watatu. Fedha niliyonayo ni ya gari moja tu, na nataka pikapu. Nimeona mbili: Hilux dabo kebini ya 2013, dizeli ya 3.0, na Land Cruiser pikapu singo kebini ya 2008, injini 1HZ, iliyokuwa ya mradi. Land Cruiser ina bei zaidi lakini naimudu. Kwa mwaka natembea kama kilomita 18,000. Kiangazi napeleka maji shambani kwa simtanki la lita 1,000, mara mbili kwa wiki. Msimu wa mavuno ni kreti za zabibu. Saruji, mchanga na samadi ni mara mojamoja. Shemeji anasema Hilux ni gari la ofisini, nikitaka gari la kazi ninunue hevi dyuti. Fundi wangu anasema nichukue Hilux aniongezee springi mbili kila upande, nitabeba tani mbili bila wasiwasi. Nimeangalia na video za pikapu za Marekani, ndiyo nimechanganyikiwa kabisa. Nimsikilize nani?"*

Ndugu yangu, shemeji yako amekosea kidogo, fundi wako amekosea sana. Ukimsikiliza shemeji utapoteza fedha. Ukimsikiliza fundi unaweza kupoteza chesisi, na siku mbaya ukapoteza breki kwenye mteremko. Kwa hiyo nianze na fundi.

Pikapu haibebi kwa springi peke yake. Mzigo unakaa kwenye bodi, bodi imekaa juu ya chesisi, chesisi inakaa juu ya springi, springi juu ya ekseli, ekseli juu ya beringi, beringi juu ya ringi na tairi. Na vyote hivyo vinasimamishwa na breki. Kiwandani wanakitazama kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine, kisha wanaandika uzito wa jumla usiotakiwa kuvukwa. Ukiongeza mabamba mawili ya springi, umekiimarisha kiungo kimoja na kuviacha vingine kama vilivyokuwa. Gari halitainama nyuma tena, na hapo ndipo hatari ilipo: ile dalili iliyokuwa inakwambia "umezidisha" umeizima.

Kwenye dabo kebini jambo hili lina uzito wa pekee. Kebini ndefu imekula nafasi, kwa hiyo bodi imesukumwa nyuma. Tazama Hilux ya dabo kebini ubavuni: sehemu kubwa ya bodi ipo nyuma ya ekseli. Mzigo unaokaa karibu na geti la nyuma hufanya kazi kama mtaimbo: unakandamiza mkia, unanyanyua pua. Stelingi inakuwa nyepesi mikononi, taa zinawapiga machoni wanaokuja mbele, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, zinashika barabara kidogo. Chesisi nayo inapindwa mahali palepale kila mara, nyuma ya kebini na karibu na ekseli ya nyuma. Ndiyo maana Hilux zilizokunjika hukunjika hapo.

Halafu kuna kidude ambacho mafundi wengi wanakisahau. Hilux ya umri huo huwa na vali ya breki iliyounganishwa kwa mkono wa chuma na ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali inaelewa kwamba gari limebeba, inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiongeza springi, bodi inabaki juu hata ukiwa umebeba, vali inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati unazihitaji. Fundi anayeinua gari nyuma bila kuirekebisha vali hiyo amekuuzia tatizo.

Tuje kwenye hesabu, maana huu ndio moyo wa swali lako. Kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti kuna kibati chenye uzito wa jumla. Toa uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndicho gari linaruhusiwa kubeba. Kwa Hilux za dabo kebini namba hiyo kwa kawaida ipo kati ya kilo 750 na 1,000, tuchukue 850. Wengi wanaisoma kama namba ya bodi. Si ya bodi. Ni ya kila kitu, pamoja na wewe uliyeshika usukani. Wewe, mama, watoto watatu na mabegi ni kama kilo 300. Bampa la chuma, keria na mkonga wa kuvutia hewa, ukiviweka, ni karibu 100. Umebakiwa na 450: mifuko tisa ya saruji. Ukienda wewe na kibarua mmoja tu, una 600, yaani mifuko kumi na miwili, si arubaini ya tani mbili za fundi wako.

Sasa maji. Lita moja ni kilo moja. Simtanki lako likijaa ni tani moja, na tanki lenyewe juu yake, na watu wawili, jumla kama kilo 1,175 hata kabla ya bampa. Kwa Hilux umezidisha zaidi ya kilo 300. Safari mbili kwa wiki, kiangazi chetu cha miezi sita au saba, ni zaidi ya safari hamsini kwa mwaka za kuzidisha. Hiyo si "mara mojamoja", hiyo ndiyo kazi ya gari. Na maji ni mzigo wenye ukorofi wake: tanki limesimama wima, kwa hiyo uzito upo juu, na likiwa nusu, maji yanakimbia mbele ukifunga breki na yanavutana pembeni ukikata kona. Tanki la nusu ni baya kuliko lililojaa.

Mchanga nao unadanganya macho. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa mita moja na nusu hivi, upana kama huo, na kina cha chini kidogo ya nusu mita. Ukiijaza hadi kingo ni karibu mita moja ya ujazo, na mita moja ya mchanga mkavu ni tani moja na nusu au zaidi, ukilowa inaongezeka. Kwa mchanga, theluthi ya kina cha bodi inatosha, ingawa jirani ataona umepeleka gari tupu.

Je, Land Cruiser inaibeba hiyo tani? Inaibeba, lakini si kwa ukubwa unaoufikiria. Land Cruiser hiyo ya singo kebini, ambayo huitwa 79, kwa kibati chake iko kwenye tani 1.1 hadi 1.3, watu wakiwemo. Simtanki lililojaa na watu wawili vinakufikisha mpakani. Kwa hiyo anayekwambia "hevi dyuti inabeba mara mbili" hajasoma kibati. Tofauti ya kweli ni kwamba Land Cruiser inaweza kuubeba mzigo wake halali kila siku, miaka kumi, kwenye rafu, bila kuchoka.

Sababu kuu iko kwenye ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux, shafti ya ekseli inafanya kazi mbili: inazungusha tairi na pia inabeba uzito wa gari, ikiegemea beringi moja mwishoni. Ukizidisha, beringi hiyo inaanza kuvuma ukifika kilomita 60 kwa saa, mvumo unabadilika ukikata kona. Sili inachoka, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inamwagikia breki shuu, na breki ya upande huo inateleza. Shafti ikikatika, tairi inaweza kutoka nayo. Kwenye Land Cruiser 79, habu (kitovu cha gurudumu) imekaa juu ya beringi mbili zilizoshikwa na mfuko wa ekseli wenyewe. Shafti inazungusha tu. Ikikatika, gari linabaki limesimama kwenye magurudumu manne. Mbele, 79 ina ekseli nzima, ngumu, wakati Hilux ina mikono inayocheza kila upande kivyake. Ekseli nzima inastahimili mapigo ya mawe na makorongo. Mikono inayojitegemea inakupa utulivu kwenye lami.

Kumbuka hakuna nilipotaja nguvu ya injini. 1HZ ya lita 4.2 haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa), inatoa nguvu farasi karibu 130. Hilux ya 3.0 inatoa zaidi ya 160, na mvuto wake pia ni mkubwa: nyutoni mita kama 343 dhidi ya 285. Kupanda mlima ukielekea Morogoro na mzigo, Hilux itamwacha Land Cruiser. Ubora wa 1HZ ni usahili: pampu ya dizeli ni ya kimakanika, haijali sana dizeli ya kwenye dumu, na fundi wa Kibaigwa au Kondoa anaifungua bila kompyuta. Lakini inakula. Kwa wastani wa kawaida, Hilux kilomita 11 kwa lita na 1HZ kilomita 7.5, kwa kilomita zako 18,000 ni lita 1,640 dhidi ya 2,400. Tofauti ni karibu lita 760 kila mwaka. Zidisha kwa bei kikomo ya dizeli ya EWURA ya mwezi huu, uone kama shemeji yuko tayari kuchangia.

Na ukiwa mtupu? Ni sehemu ambayo watu hawaiulizi, wakati wewe siku tano kwa wiki utakuwa mtupu kwenda Mtumba. Springi ngumu zisizo na mzigo hazifanyi kazi. Kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vya mfululizo, mkia wa 79 unarukaruka, tairi za nyuma zinaachia ardhi, na ukifunga breki hapo gari linakwenda upande. Watoto watatu nao utawaweka wapi? Singo kebini ni ya watu wawili, watatu kwa kubanana. Usiniambie "watakaa nyuma kwenye bodi". Gari ambalo familia haiwezi kupanda litakulazimisha kununua la pili, na umesema una fedha ya moja.

Pikapu za Marekani nizipite haraka. Kule wana makundi mawili: za kawaida kama F-150, na hevi dyuti kama F-250 au Ram 2500, ambazo uzito wake wa jumla unavuka tani 3.8. Zimetengenezwa kuvuta matela makubwa na kubeba kebini za kupigia kambi. Ni ndefu mita sita na zaidi, usukani upo kushoto, spea ni za kuagiza. Kwa kipimo chao, hata Land Cruiser 79 ya shemeji si hevi dyuti. Jina hilo ni la kwao, lisikusumbue.

Ushauri wangu, kwa jinsi ulivyojieleza: chukua Hilux, iache na springi za kiwandani, na ubadilishe namna ya kupeleka maji. Weka tanki la lita 5,000 shambani juu ya jukwaa la mawe au matofali, uite boza likujazie. Gharama ya boza ilinganishe na dizeli, tairi na spea za safari tano za pikapu, usiilinganishe na dizeli peke yake. Kama boza halifiki shambani, nunua tanki la lita 500, fupi na pana, likae limegusa ukuta wa kebini, lifungwe mikanda miwili inayovuka, na liende limejaa au tupu. Kreti za zabibu zianze mbele ya bodi kurudi nyuma; pima moja kwenye mizani ukijua uzito wake, ugawanye 600 kwa namba hiyo, na hapo ndipo idadi yako inapoishia. Mchanga, tofali na samadi, kodi Kenta au Fuso. Gari la kukodi mara sita kwa mwaka ni rahisi kuliko gari zito unalolilisha mwaka mzima.

Ningekwambia Land Cruiser kama ungekuwa na moja ya mambo haya: gari jingine la familia, shamba la ndani kabisa ambako boza halipiti na kilo mia nane hadi tani moja inakwenda kila wiki, miaka yote, au kazi ya kupita makorongo na udongo mweusi wa mbuga mvua za Januari hadi Machi, kila siku. Kwa mtu huyo bei ya 79 ni halali, na akija kuiuza itarudisha fedha nyingi kuliko Hilux. Kuna na njia ya katikati: Hilux singo kebini. Bodi yake ni ndefu zaidi ya mita mbili na mzigo unakaa mbele zaidi ya ekseli, hivyo inabeba vizuri kuliko dabo kebini ya injini ileile. Tatizo ni watoto tena.

Usilipe kabla gari halijalala juu ya jeki. Hapa maneno yangu hayatoshi. Tafuta fundi wa kulipa wewe, asiwe wa muuzaji, na asiwe yule wa springi mbili. Lisimamishe gari mahali tambarare, mtazame uwazi kati ya kebini na bodi, juu na chini, pande zote mbili. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imeinama. Chini, apitishe mkono kwenye chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi juu ya ekseli akitafuta kiraka, weldi mpya, au rangi nyeusi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu. Ahesabu mabamba ya springi kushoto na kulia. Kama yameongezwa, unajua gari lilikuwa linabeba nini. Afungue nati ya kutolea oili ya difu: vumbi laini kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya kushikika kwa kidole si kawaida.

Kwa Hilux ya 3.0 ya kipindi hicho kuna ugonjwa unaojulikana. Washa (pete) za shaba chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, oili inageuka kama lami, na chujio la kuvutia oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linaziba. Injini inakosa oili ghafla, mara nyingi barabarani. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta masizi magumu yameganda, dai sampu ishushwe chujio lionekane, au achana nalo. Kwa 1HZ, uliza kama imewahi kufungwa tabo ya mtaani. Injini ile haikutengenezwa kwa tabo, silinda hedi hupasuka. Na gari la mradi angalia habu za mbele: grisi iliyochanganyika na oili ikivuja nyuma ya gurudumu ina maana sili zimekwisha na huenda beringi nazo. Stelingi ikitetemeka kwa nguvu kati ya kilomita 70 na 90 kwa saa, usikubali kuambiwa "ni balansi tu" mpaka bushi na beringi zikaguliwe.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, uhakiki TRA kama kadi ni halali na haina deni. Kwa bima kubwa, mwulize wakala kwa maandishi kuhusu mzigo kupita kiasi na kuhusu kubeba mazao ya biashara, kwa sababu gari lililoandikishwa la binafsi likipata ajali na tani mbili mgongoni linampa kampuni sababu ya kukataa. Hilux yenye tani mbili, kwa jumla, inavuka tani 3.5, na hapo unaingia kwenye kundi la magari yanayohusika na mizani kama ile ya Nala.

Ukishaichukua, wiki ya kwanza badilisha mkanda wa taimingi kama muuzaji hana risiti yake. Usiamini neno la mdomo, mkanda ukikatika vali zinagonga pistoni. Filta ya dizeli kila kilomita 10,000 na umwage maji yaliyotuama chini yake, kwa sababu pampu na nozeli za injini hii, tofauti na 1HZ, hazisamehi maji. Filta ya hewa ikague kila mwezi kiangazi, vumbi la Dodoma halina simile. Upepo: bila mzigo fuata kibandiko cha mlangoni, kwa kawaida psi 29 hadi 33, ukipakia kilo 500 ongeza za nyuma kama kibandiko kinavyosema, ukishusha mzigo upunguze. Kwenye mchanga wa korongo shusha hadi 20, weka foo-wili, pita bila kusimama, kisha ujaze tena kabla ya lami. Ukifika lami itoe foo-wili; haina difu ya kati, na ukiiacha humo giaboksi inajikaza hadi kitu kikatike.